Kusoma fasihi mpya ya Kigiriki ukiwa mbali na Ugiriki: anzia Aleksandria, Athens baadaye

Ukimwambia mtu unasoma fasihi ya Kigiriki atakuuliza habari za Homer, za Plato, au za Agano Jipya. Wagiriki hawakuweka kalamu chini hapo. Mwongozo huu unahusu walichoandika katika miaka mia mbili hivi ya karibuni, kwa lugha inayosemwa leo sokoni na jikoni, na namna mtu wa Nairobi, Tanga, Lubumbashi au Mswahili aliyehamia London anavyoweza kuisoma kwa utaratibu bila kusubiri chuo kimfungulie mlango.

Mpango wangu hauendi kama vitabu vya kiada vinavyokwenda. Vile huanza Athens, halafu Wagiriki wa ughaibuni huwekwa sura ya mwisho, kama jamaa wa mbali walioitwa mbio mbio picha ya harusi ilipokuwa inapigwa. Mimi nasema uanze na hao. Dionysios Solomos, aliyeandika utenzi uliotolewa wimbo wa taifa la Ugiriki, alisomeshwa Italia miaka kumi na mashairi yake ya mwanzo ni ya Kiitaliano. Andreas Kalvos alifia Louth, mji mdogo wa Uingereza. Psycharis, aliyewasha moto wa vita vya lugha, alizaliwa Odessa akafundisha Paris. Cavafy, mshairi, ni mtu wa Aleksandria, Misri. Mshairi Seferis alizaliwa upande wa Smyrna, ambao leo ni Izmir, Uturuki. Nikos Kavvadias alizaliwa mwaka 1910 Mashariki ya Mbali, upande wa Urusi, akaishi melini. Ukiwaondoa waliokuwa nje, rafu inabaki na mapengo makubwa.

Unachohitaji ni daftari, intaneti hata ya kusuasua, na nusu saa kila siku kwa muda wa mwaka mmoja.

Hatua ya 1: Jifunze herufi, kisha hesabu maneno uliyonayo tayari

Alfabeti ina herufi 24, na wiki moja inatosha. Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa kumshinda Mwingereza. Kigiriki cha leo kina irabu tano kama zetu, a, e, i, o, u. Herufi θ ni th ya thelathini. Herufi δ ni dh ya dhahabu. Herufi γ ni gh ya ghali, ila ikifuatwa na e au i hulainika ikawa kama y. Herufi χ ni ile kh ambayo watu wa pwani huitamka katika kheri. Aliyekulia Lamu au Unguja hana jipya la kujifunza hapo. Aliyezoea kusema "samani" akimaanisha thamani ajizoeze kidogo.

Tabu ziko mbili. Sauti i huandikwa kwa njia nyingi (ι, η, υ, ει, οι), kwa hiyo tahajia ni ya kukariri, huwezi kuibuni. Tabu ya pili ni mkazo. Sisi tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na hatuufikirii tena. Kwao unaweza kukaa kwenye yoyote kati ya silabi tatu za mwisho, na huonyeshwa kwa alama. Usiipuuze alama hiyo: νόμος ni sheria, νομός ni mkoa, πότε ni lini, ποτέ ni kamwe.

Sasa fungua daftari uandike orodha mbili. Neno daftari lenyewe liwe la kwanza kwenye orodha ya kwanza, maana chimbuko lake ni diphthera ya Kigiriki, ngozi iliyotengenezwa, na watu wakiiandikia. Kalamu ni kalamos. Karatasi ni khartes. Kanuni ni kanon, falsafa ni philosophia, almasi ni adamas. Yote yalipita Uarabuni kabla ya kutufikia.

Orodha ya pili ndiyo ninayoipenda. Waturuki waliitawala Ugiriki karne nyingi, na Kituruki kilikuwa kimejaa maneno ya Kiarabu, kwa hiyo Mgiriki na Mswahili wamechota kisima kimoja bila kuonana. Ντουνιάς, "dunias", ni dunia. Σεντούκι ni sanduku. Χαμάλης ni hamali. Ασκέρι ni jeshi, ndugu wa askari. Χαλάλι ni halali. Μουσαφίρης ametoka kwa msafiri, ila kwao amekuwa mgeni wa nyumbani: neno ni lile lile, safari hii limesemwa na mwenye nyumba. Na χαμπάρι, "hambari", ni habari. Mtu wa mtaani anaweza kukusalimu "ti hambaria?", na ukimwuliza asilolijua akakujibu "den eho hambari", yaani sina habari. Hutayakuta maneno haya kwenye hotuba za serikali. Ni ya mtaani na nyumbani, na tofauti hiyo ndiyo itakayotupeleka hatua ya pili.

Kwanza neno moja kwa waliosoma Kigiriki cha Agano Jipya kwenye vyuo vya theolojia. Mnajua zaidi ya mnavyodhani, lakini acheni matamshi mliyofundishwa darasani ya enzi za kale. Tamkeni kama padri wa Kiorthodoksi anavyosoma Injili leo. Wanafunzi wa shule ya kikanisa iliyoko Riruta, Nairobi, yenye jina la Makarios III, askofu mkuu na rais wa kwanza wa Saiprasi, wamekwisha kuyasikia matamshi hayo kanisani.

Hatua ya 2: Ujue ugomvi wa lugha kabla hujafungua kitabu

Usipoujua ugomvi huu utadhani vitabu viwili vya mwaka mmoja vimeandikwa kwa lugha mbili. Karibu ni kweli.

Taifa la Ugiriki lilipozaliwa karne ya 19, wasomi waliona aibu na lugha ya watu wao. Wakatengeneza katharevousa, "lugha iliyotakaswa": Kigiriki kilichofuliwa, kikatolewa Kituruki na Kiitaliano, kikavishwa sarufi ya kale. Upande wa pili ilikuwapo dimotiki, lugha ya watu. Mwaka 1888 Psycharis, akiwa Paris, alitoa kitabu cha safari kilichoandikwa kwa dimotiki tupu, na vita vikaanza. Mwaka 1901 Alexandros Pallis, mfanyabiashara aliyekuwa akiishi Liverpool, alitafsiri Injili kwa lugha ya watu, na gazeti moja la Athens likaanza kuichapisha. Wanafunzi wakaingia barabarani kuipinga. Watu wanane wakauawa, serikali ikaanguka, askofu mkuu akajiuzulu. Kwa ajili ya tafsiri.

Sisi tulipochaguliwa Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, washairi wa Mombasa walinung'unika, na wengine wananung'unika hadi leo, lakini damu haikumwagika. Angalia pia walipokaa hawa wawili walioitetea lugha ya nyumbani: mmoja Paris, mmoja Liverpool. Aliye mbali huikumbuka lugha ya mama yake ilivyosemwa, wala hana cheo cha serikalini cha kukilinda.

Dimotiki ilitawazwa rasmi mwaka 1976. Mwaka 1982 alama nyingi zilizokuwa juu ya herufi zikafutwa, ikabaki moja ya mkazo. Kwa hiyo ukishika kitabu, tazama kwanza kilichapwa lini. Ukiona herufi zimeota vinyweleo kila mahali, ni chapa ya zamani au mchapaji mwenye msimamo. Maneno ni yale yale. Na Alexandros Papadiamantis, bwana wa hadithi fupi kutoka kisiwa cha Skiathos, mwache mwaka wa kwanza upite. Masimulizi yake ni katharevousa, watu wake wanaongea lugha ya kisiwani, na mwanafunzi mgeni huzama katikati.

Hatua ya 3: Kaa na Cavafy miezi mitatu

Konstantinos Kavafis, anayejulikana duniani kwa jina la Cavafy, alizaliwa Aleksandria tarehe 29 Aprili 1863 na kufariki huko huko tarehe 29 Aprili 1933. Utoto wake kidogo ulipita Uingereza, ujana wake kidogo Konstantinopoli, Istanbul ya leo. Kwingine kote ni Misri. Kwa miaka 30 alikuwa karani katika idara ya umwagiliaji ya serikali, chini ya Waingereza. Alipanga nyumba kwenye mtaa ulioitwa Lepsius, chini yake danguro, kanisa na hospitali vikiwa karibu, na mwenyewe alilifanyia utani jambo hilo.

Hakuuza kitabu hata kimoja. Alichapisha mashairi kwenye karatasi moja moja, akayabana pamoja, akawagawia watu aliowachagua, na aliporekebisha neno alibadilisha karatasi. Mkusanyiko wa kwanza ulitoka Aleksandria mwaka 1935, mwenyewe akiwa kaburini. Mashairi aliyoyakubali ni 154. Hiyo ni idadi ya rehema: unaweza kuyasoma yote.

Kwa nini uanze naye? Kigiriki chake ni kikavu, sentensi zake fupi, hana mafumbo ya maua na mwezi. Tena anaandika akiwa Mgiriki katika nchi ya Kiafrika inayozungumza Kiarabu na kutawaliwa kwa Kiingereza, na wafalme anaowasimulia ni wa miji ya pembeni, Antiokia, Aleksandria, Kirene, wanaojipiga vifua kwa Ugiriki wao huku Roma ikiwa mlangoni. Mtu aliyekulia mji wa bandari anawafahamu watu hawa.

Fanya hivi. Chukua mashairi matatu: "I Polis" (Mji), "Perimenontas tous varvarous", ambalo nitalirudia mwishoni, na "Ithaki" la mwaka 1911. Wakfu wa Onassis ulinunua hifadhi ya karatasi zake mwaka 2012 na baadaye ukaiweka mtandaoni bure, hivyo Kigiriki chake pamoja na mwandiko wake utavipata bila kulipa senti. Kwa kila shairi soma kwanza tafsiri mbili za Kiingereza au Kifaransa. Ile ya Edmund Keeley na Philip Sherrard inapatikana kwa urahisi. Ya Daniel Mendelsohn ya mwaka 2009 ina maelezo mengi ya historia. Zisome sambamba, weka alama zinapogombana. Kisha nenda kwenye Kigiriki ukaamue mwenyewe nani mkweli. Mwisho liandike kwa Kiswahili cha kawaida, nathari, bila vina.

Hapo utagundua jambo ambalo Waingereza hawana. Mashairi mengi ya mapenzi ya Cavafy hayasemi mpenzi ni mwanamume au mwanamke. Kitenzi cha Kigiriki husimama bila kiwakilishi, kwa hiyo jinsia hufichika. Mtafsiri wa Kiingereza hulazimika kuchagua, na akichagua amekwisha kufungua pazia ambalo mshairi alilivuta. Wewe unaandika "alikuja", "alinitazama", basi. Pazia linabaki lilipo.

Hatua ya 4: Hesabu mizani, halafu sikiliza

Ushairi wa Kigiriki una bahari yake kuu: mstari wa silabi 15, wenye mkato baada ya silabi ya 8. Nane na saba. Anayejua shairi letu la mizani 16, nane kwa nane, ataisikia papo hapo mizani moja inavyopungua mwishoni. Nyimbo za kale za wakulima na wapiganaji ziko katika bahari hiyo, na za xenitia pia, yaani za ughaibuni, ambamo mama humlilia mwana aliyekwenda nchi za watu kama anavyomlilia maiti. Tafuta chache, hesabu kwa vidole.

Kisha nenda kwa Yannis Ritsos. Mei 1936 wafanyakazi wa tumbaku waligoma Thessaloniki, polisi wakapiga risasi, na gazeti likachapisha picha ya mama aliyepiga magoti juu ya maiti ya mwanawe barabarani. Ritsos aliandika "Epitafios" kwa bahari hiyo hiyo ya maombolezo ya kijijini. Utawala wa dikteta Metaxas ulikichoma kitabu hicho hadharani. Mwaka 1960 mwanamuziki Mikis Theodorakis alikitia muziki wa mtaani, na shairi likaingia kwenye baa na mabasi. Mwaka 1964 alifanya hivyo hivyo kwa "To Axion Esti" la Odysseas Elytis, aliyekuja kupata Nobel mwaka 1979. Mswahili haoni ajabu. Nani aliyejua mashairi ya kimapenzi ya pwani kwa kuyasoma kabla ya kuyasikia kwenye taarabu?

Kwa hiyo hii ni sehemu ya somo, usiidharau kama burudani: sikiliza wimbo mara tatu bila maandishi, mara tatu ukiyafuata, kisha imba. Mashairi ya baharia Kavvadias yaliyotiwa muziki na Thanos Mikroutsikos mwaka 1979 yanafaa sana, ila uwe na kamusi ya mabaharia karibu.

Hatua ya 5: Shuka na bara la Afrika

Aleksandria haikuwa na Cavafy peke yake. Stratis Tsirkas alizaliwa Kairo mwaka 1911, na riwaya zake tatu zilizotoka kati ya 1960 na 1965, zinazojulikana kwa jina la pamoja "Akyvernites Politeies", zinawafuata Wagiriki, Waingereza, Wayahudi na wapelelezi wakati wa Vita Kuu ya Pili huko Yerusalemu, Kairo na Aleksandria. Nakuonya, riwaya ya kwanza ina majina mengi. Chora mti wa wahusika kwenye jalada la ndani.

George Seferis ndiye aliyefika mbali zaidi kusini. Alikuwa mwanadiplomasia, na Wajerumani walipoiteka Ugiriki mwaka 1941 alihama na serikali yake, akapelekwa Afrika Kusini. Huko, Januari 1942, aliandika shairi kuhusu baharia Stratis akiwa kati ya maua ya agapanthi. Ua hilo asili yake ni kusini mwa Afrika, lakini jina lake wamelitunga Wazungu kwa Kigiriki: ua la upendo. Mgiriki anayetaka kuongea na wafu wake huhitaji ua jingine, la asfodeli, linaloota kuzimu tangu enzi za Homer. Transvaal, jimbo la Afrika Kusini alikokuwa, halipo. Basi wafu watasemeshwaje? Shairi zima limening'inia kwenye kosa hilo la mimea, jina la kwao kwenye ua la watu. Mkusanyiko wenye shairi hilo ulitoka Aleksandria mwaka 1944. Nobel aliipata 1963. Alipozikwa Athens mwaka 1971, chini ya utawala wa kijeshi, umati uliimba barabarani shairi lake la ujana ambalo Theodorakis alilitia muziki, na muziki wa Theodorakis ulikuwa umepigwa marufuku.

Misri hiyo ya Wagiriki ilikwisha. Baada ya vita vya Suez vya 1956 na utaifishaji wa Nasser wa 1961, wengi walifunga masanduku. Wasomaji wa Tanzania wana kipande chao cha hadithi hiyo. Wagiriki walifika enzi za Wajerumani, wengi kwenye ujenzi wa reli, kisha wakashika mkonge Tanga na mashamba Kilimanjaro na Arusha. Azimio la Arusha la 1967 lilipotaifisha mashamba makubwa, wengi waliondoka. Wazee wa Tanga bado watakwambia shamba fulani lilikuwa "la Mgiriki". Kule Kongo, Lubumbashi, jumuiya yao haikukatika. Ukiishi karibu na mabaki ya jumuiya kama hizo, fanya kazi ndogo ya shambani: soma majina na mistari iliyochongwa kwenye makaburi yao. Ni zoezi zuri la herufi kubwa, na wakati mwingine utakuta ubeti.

Hatua ya 6: Wasome waliobadili lugha

Kuanzia miaka ya 1950 meli zilipeleka Wagiriki wengi Australia, na treni zikawapeleka Ujerumani na Sweden. Watoto wao, na baadhi yao wenyewe, wakaandika kwa lugha za huko. Je, hiyo ni fasihi ya Kigiriki? Tulibishana hivyo hivyo Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel mwaka 2021, wa Zanzibar au wa Uingereza, na hatukumalizana. Soma kwanza.

Dimitris Tsaloumas wa kisiwa cha Leros alifika Australia mwaka 1952, akafundisha shule, akaandika kwa Kigiriki miaka mingi ndipo akaingia Kiingereza uzeeni. Christos Tsiolkas, aliyezaliwa Melbourne mwaka 1965, anaandika Kiingereza kikali cha vitongoji vya wahamiaji. Theodor Kallifatides alikwenda Sweden mwaka 1964, akawa mwandishi mkubwa wa Kiswidi. Kisha maneno yakamkauka, na yaliporudi yalikuja kwa Kigiriki, lugha aliyokuwa ameiacha.

Ukiwa na nafasi ya mmoja tu, mchukue Vassilis Alexakis (1943–2021). Aliishi Paris, akaandika Kifaransa na Kigiriki, akijitafsiri mwenyewe kwenda na kurudi. Mwaka 2002 alitoa riwaya ambayo mtu wake, baada ya kufiwa na baba, anaamua bila sababu ya maana kujifunza Kisango, lugha ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, na kufunga safari kwenda Bangui. Mgiriki anayeomboleza kwa kukariri nomino za Kiafrika! Msomaji wa Kiafrika anayekariri vitenzi vya Kigiriki atajiona humo kama kwenye kioo kilichogeuzwa.

Hatua ya 7: Tafuta mwalimu, na ujue nani anayemlipa

Kwa bure kuna lango la lugha ya Kigiriki la mtandaoni, linaloendeshwa na Kituo cha Lugha ya Kigiriki cha Thessaloniki. Lina kamusi kubwa ya Triantafyllidis na maandishi ya fasihi. Kituo hicho hicho ndicho kinachotoa mtihani wa cheti cha Kigiriki kwa wageni, ngazi A1 hadi C2, kila Mei, katika vituo vya nchi nyingi. Ukitaka kusoma chuo Ugiriki, elekeza macho kwenye B2. Chuo Kikuu cha Aristotle cha Thessaloniki na Chuo Kikuu cha Athens vina shule za lugha kwa wageni.

Nje ya Ugiriki somo hili mara nyingi hushikiliwa na jumuiya. Melbourne jumuiya ya Wagiriki ilianzishwa mwaka 1897 na inaendesha shule za jioni na za Jumamosi. Johannesburg kuna SAHETI, shule iliyoanzishwa na Wagiriki mwaka 1974. Marekani wasomi wana chama chao tangu 1968, na Chuo Kikuu cha Michigan kina kiti cha uprofesa chenye jina la Cavafy. Nenda kwenye jumuiya iliyo karibu nawe tarehe 25 Machi au 28 Oktoba, sikukuu zao za taifa. Watoto hupandishwa jukwaani kughani mashairi, wengine huku wakililia mama zao, na wazee wa viti vya mbele wanayajua kwa moyo. Jitambulishe kwa heshima na useme unasoma Kavafis. Utapewa kahawa, na pengine kitabu.

Lakini ujue kisa cha kiti cha Koraes. Mwaka 1919 Wagiriki matajiri wa London walichangia kiti hicho cha uprofesa King's College, na mwanahistoria Arnold Toynbee akawa wa kwanza kukikalia. Mwaka 1921 alikwenda Anatolia, katika Uturuki ya leo, jeshi la Ugiriki likiwa vitani huko, akaandika kwenye gazeti la Manchester maovu aliyoyaona likiwatenda Waturuki. Wafadhili walichukia. Mwaka 1924 alilazimika kuachia kiti. Jumuiya inayolipia somo hupenda somo liisifu, na hilo si la Wagiriki peke yao. Kwa hiyo ukikaa kwenye darasa la jumuiya, uliza maswali yako, ila usishangae ukimya ukiingia unapotaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1946 hadi 1949. Babu wawili waliokaa meza moja huenda walikuwa pande mbili.

Hatua ya 8: Tafsiri, ukianza na walio huru

Sheria za Ulaya hulinda kazi miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi. Cavafy na Papadiamantis wako huru. Kazantzakis, yule mwandishi wa riwaya ya Zorba, alifariki 1957, hivyo subiri 2027 iishe. Seferis ni mpaka mwisho wa 2041. Mtafsiri daftarini mwako, usimchapishe bila ruhusa. Usisahau pia kwamba tafsiri ya Kiingereza ina hakimiliki yake: ukitafsiri kutoka kwa Keeley na Sherrard umemtafsiri Keeley. Rudi kwenye Kigiriki hata kama utachukua wiki nzima kwa ubeti mmoja.

Anza na "Perimenontas tous varvarous". Mji mzima umekusanyika uwanjani, mfalme amevaa taji, watunga sheria wameacha kutunga, wote wanawasubiri hao varvaroi waje leo. Usiku unaingia, hawaji, na watu wanarudi makwao wamefadhaika. Neno la kukukwamisha liko kwenye kichwa cha shairi. Kwa Wagiriki wa kale varvaros alikuwa mtu asiyejua Kigiriki, anayesema bar-bar. "Wabarbari" halifai, litampeleka msomaji Afrika ya Kaskazini. "Maadui" ni dhaifu, maana hawa hawajafanya uadui wowote. "Wageni" ni wapole mno.

Mimi niliandika "Washenzi". Ni neno lililozaliwa kwa haja ile ile: mtu wa mji wa pwani akimtazama wa bara na kujiita mstaarabu. Nikamsomea rafiki yangu, mtu wa Tabora, na alipofika mwisho, pale watu wa mji wanapokiri kwamba bila hao watu wanaowasubiri hawajui watafanya nini, alicheka kwa sauti akasema, "Kumbe ni sisi tuliokuwa tunangojwa." Akataka nibadilishe neno. Wiki iliyofuata akanipigia simu, akasema niliache.